Sufuria ya Wacheza Mashine

Juzi kijana wangu aliniambia, kwa sauti ya mtu anayempa mzee habari mpya, kwamba wanaoshindana kwa michezo ya televisheni huko ng'ambo wana wataalamu wa kuwapangia chakula. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia kwamba sisi tulikuwa na mtaalamu wetu Kimisagara, mtaa wa Kigali, kabla yeye hajazaliwa, na kwamba alikuwa na sufuria kubwa, mwiko wa mti na ulimi usio na breki. Akacheka. Basi naandika, na akitaka kuendelea kucheka acheke, lakini asome kwanza.

Najua ukitaka kumsifu mtu unaanza na ukoo wake. Mimi sianzi hapo. Katika miaka ninayoisimulia walikuwako watu wengi mno waliotaka kujua baba wa kila mtu ni nani na babu yake alitoka kilima gani, na hawakuuliza ili wapate kumsalimia vizuri. Yeye akiulizwa anatoka wapi alijibu, "Natoka jikoni, sha," yaani mwenzangu, "na wewe?" Kwa hiyo nami nitamwacha hapo hapo jikoni, na anayetaka zaidi atafute kwingine.

Mtaani aliitwa Muganga, kama anavyoitwa kwetu kila aliyewahi kuvaa koti jeupe. Alikuwa muuguzi wa kituo cha lishe, kazi ya kupima uzito wa watoto na kuwafundisha mama zao kupika, mpaka alipostaafu. Hapa nitamwita Muuguzi. Alikuwa mjane, na shemeji yake, dereva wa lori la Bujumbura, alimletea televisheni mbili na mashine mbili za michezo ili apate cha kujikimu. Akaziweka katika chumba cha uani. Sidhani shemeji alijua kwamba alikuwa anafungua kituo kingine cha lishe.

Timu tulikuwa watano. Mimi nilikuwa fundi cherehani, nina miaka ishirini na mmoja na kiburi cha miaka arobaini. Hodari wetu alikuwa Hamisi wa Nyamirambo, aliyefanya kazi ya kuziba matairi, na ambaye vidole vyake vikishika manete, yaani kile kishikio cha kuchezea, hukuviona vinaposogea. Wengine watatu walikuwa wazuri kutuzidi kwa kelele tu. Tulikutana Jumamosi mchana, maana vita ilikuwa kaskazini, mjini kulikuwa na vizuizi vya barabarani, na mwenye akili alikuwa kwake kabla jua halijazama. Tulipigana kwenye kioo, tukafukuzana kwa magari kwenye kioo, na kwa saa chache hizo hakuna aliyetuuliza vitambulisho.

Sheria ya chumba kile ilikuwa moja yenye miguu mitatu. Kabla hujagusa manete, unakula. Kabla hujala, unanawa. Na kabla yako, anakula yeye.

Huo mguu wa tatu nauelezea kwa ajili ya wasiotujua. Kwetu anayekupa chakula au kinywaji huonja kwanza mbele ya macho yako. Ni adabu ya zamani, na chini ya adabu hiyo kuna hofu ya zamani zaidi, hofu ya sumu. Wengi huonja kwa ncha ya ulimi wakamaliza. Muuguzi hakuonja, alikula. Alichota mwiko mzima kutoka katikati ya sufuria, akatafuna amesimama huku akitutazama mmoja mmoja, akameza, akajifuta mdomo kwa kiganja, akasema, "Haya. Nikianguka, msikule." Alisema hivyo kila Jumamosi, nasi tulicheka kila Jumamosi.

Ukutani, juu ya televisheni, alikuwa amechora kwa mkaa duara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya vyakula vya kujenga mwili, ya pili ya vyakula vya kutia nguvu, ya tatu ya vyakula vya kukinga. Hakuna aliyepokea bakuli bila duara zote tatu kuwamo ndani yake. Maharage yaliyopikwa na dodo, yale majani ya mchicha, na ndagala, yaani dagaa, waliotwangwa wakawa unga ili wavivu wa kutafuna wasiwachague pembeni, viazi vitamu, nusu parachichi kila mtu. Kabla ya hapo kikombe cha uji wa soya, mtama na mahindi, mzito kiasi kwamba kijiko kilisimama. Tulinung'unika. Tulikuwa tumekuja kupigana, si kunyonyeshwa.

Maana sisi tulikuwa na elimu yetu. Kila mcheza mashine wa Kigali wakati ule alijua kwamba tumbo likijaa macho yanalala. Mcheza wa kweli alishinda na njaa, akanywa Fanta, akatafuna andazi moja mkono wa kushoto, basi. Vijana wa Gisimenti, ambao walikuwa na mashine zao nyuma ya baa moja huko Remera, walikula burosheti, yaani mishikaki, za mbuzi baada ya kushinda, kamwe si kabla. Tuliwaona wajanja. Muuguzi aliwaita watoto wa kituoni, kama wale wenye utapiamlo aliowapima zamani.

"Kidole kinatumwa na nani?" alituuliza siku moja.

"Na kichwa, mama," nikajibu.

"Na kichwa kinakula wapi? Kiko na mdomo yake mwenyewe?"

Mandazi aliyapiga marufuku kabisa. Sababu yake ya kwanza ilikuwa ya lishe, na hatukuielewa; ya pili ilikuwa kwamba mafuta yaliingia kwenye manete yakafanya kidole kiteleze, na hiyo tuliielewa mara moja. Fanta aliiita maji ya rangi. Alikuwa na utepe mwembamba wa kupimia mikono ya watoto wadogo, wenye rangi nyekundu, njano na kijani, na aliyekataa kula alizungushiwa utepe huo juu ya kiwiko mbele ya wote. Bila shaka haukufika. Mimi mkono wangu ulikuwa wa mtu anayekanyaga cherehani na kubeba marobota. Nikamwambia, "Mama, hiki ni cha watoto chini ya miaka mitano."

"Mkono imepita," akasema. "Kichwa bado haijafika."

Sasa msije mkadhani nachora malaika. Mwanamke huyu aliyetukataza sukari alikunywa chai yenye vijiko vitano, na akikuona unahesabu aliongeza cha sita. Siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba, mgongo ameupa ukuta, anakula andazi. Hakulificha. Alilimaliza taratibu, akakung'uta vidole, akaniambia, "Mimi sichezi mashine." Alisema michezo ile ni upuuzi wa kufundisha watu kupigana, kana kwamba nchi ilikosa walimu wa kazi hiyo, lakini Hamisi akipigana na mtu wa nje, sauti ya kwanza kusikika ilikuwa yake: "Piga! Piga huyo! Usimwachie!" Na mguu wake ulipiga sakafu. Alituamuru tukae chini tunapokula, na yeye katika miaka yote ile sikumwona akila ameketi hata mara moja.

Alikuwa pia mkali bila haki mara nyingine. Mmoja wetu alifika bila kunawa, akasema amenawa, naye akamfungia nje Jumamosi tatu. Mtu mzima, ana mke, amesimama kwenye mlango anatusikiliza tunavyocheza. Tulimwombea msamaha hatukupata.

Lakini Ramadhani ilipofika, sheria yake iliyokuwa haipindi ilipinda. Hamisi alifunga, na kwa sheria ya chumba asingeweza kugusa manete. Muuguzi alifikiri kidogo. Kisha akajaza bakuli lake kama kawaida, akaonja, akalifunika kwa sahani na kulifunga kwa kitambaa, akamwambia, "Hii unaibeba. Jua ikilala, unakula duara tatu yote. Mungu wako na mimi tunakutazama." Yeye alikuwa Mkatoliki wa misa ya asubuhi. Mwezi mzima Hamisi alicheza na swaumu yake, akaondoka na bakuli lake, na Jumamosi iliyofuata akalirudisha limeoshwa.

Tena niseme jambo moja kuhusu Hamisi na mabakuli, maana litahitajika. Shangazi yake aliyemlea alimfundisha kwamba mgeni halambi chombo. Hata akiwa na njaa ya kuona nyota, alibakiza kijiko kimoja chini. Muuguzi alimgombeza kila wiki kwa ajili ya kijiko kile, na kila wiki kilibaki. Mimi nililamba mpaka bakuli likang'aa, na kwa hilo nilisifiwa.

Kadiri miaka ilivyosonga, sufuria ile moja ilianza kuwaudhi watu. Watu walianza kuchagua wanakula kwa nani na wananunua kwa nani. Nyumbakumi wetu, msimamizi wa nyumba kumi za jirani, alipita akashauri kwa upole kwamba vijana wale watano wasile pamoja, kwa ajili ya usalama. Muuguzi akamuuliza usalama wa maharage au wa viazi. Siku nyingine alikuja kijana wa chama kimoja, kofia ya rangi kichwani na rungu mkononi, akasimama mlangoni bila kubisha hodi.

"Muganga, tunasikia watu yote hapa inakula sufuria moja."

"Iko moja. Sina ya pili."

"Unajua ni watu gani unalisha?"

"Najua. Ni watu iko na njaa. Lete mkono."

Na kabla hajaelewa, utepe ulikuwa umelazwa juu ya mkono wake, ule usio na rungu. Muuguzi aliusoma kwa makini kama aliyekuwa bado kazini. "Yewe! Uko kwenye nyekundu. Njaa yako imepanda mpaka huku juu," akasema na kumgusa ile kofia. "Nawa mikono, kaa." Kijana yule alivuta mkono wake akaondoka akitukana, lakini nilimwona alivyogeuka mara moja kuitazama sufuria. Mimi siku ile niliogopa sana, na nilijivunia sana kuwa wa nyumba ile. Vyote viwili vilikuwa ndani yangu kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana nilichofanya baadaye hakina udhuru.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka tisini na tatu. Gisimenti walikubali kuja kwetu kushindana, Jumamosi saa nne asubuhi, wakiwa na bwana wao mwenye baa, aliyekuja na viatu vyeupe kwenye vumbi la Kimisagara. Uani palijaa. Maseremala wa ng'ambo ya njia waliacha kazi. Hata mzee wao, fundi ambaye sikio lake moja halisikii, alivuta kiti chake. Muuguzi alikuwa amepika tangu alfajiri. Alinawisha wageni na wenyeji, akala mwiko wake mbele ya wote, akasema neno lake, akagawa.

Hamisi alifika mwisho, anahema, macho yamemtoka. Alipokea bakuli akanivuta nyuma ya mlango.

"Sijatia kitu mdomoni tangu jana mchana," akaninong'oneza. "Niko mwepesi, sha, niko upepo. Kula ya kwangu. Asione."

Nilikuwa nimemaliza langu. Nikala na lake. Ndiyo hivyo tu, hakuna zaidi ya hapo. Nililamba la kwangu na la kwake, nikayaweka yote mawili kwenye beseni, na Hamisi akaingia kucheza. Kitu ambacho sikukijua wakati ule, alikuja kuniambia baadaye: njiani alikuwa amekunywa chupa mbili za Fanta alizokoroga kahawa ya unga, kiganja kizima kila chupa, kwa kuwa mtu fulani alimwambia kwamba Gisimenti ndivyo wanavyofanya.

Raundi ya kwanza alicheza vile ambavyo sijaona mtu akicheza. Raundi ya pili manete ilianza kumtetemeka mikononi. Ya tatu jasho lilimtiririka, akasimama ghafla bila sababu, akatapika kitu cheusi kwenye sakafu, akaanguka.

"Sumu!" Aliyesema alikuwa yule mwenye viatu vyeupe. "Hawa wanalishana sumu! Vijana wangu, tokeni nje!"

Neno hilo likishatoka halirudi. Mmoja wa Gisimenti akaanza kujitia vidole kooni. Watu wakasukumana mlangoni. Muuguzi alikuwa ameshapiga magoti. Alimgeuza Hamisi ubavu, akamsafisha mdomo, akanusa. "Kahawa," akasema. "Iko kahawa na tumbo bure. Leteni maji, sukari na chumvi." Hakuna aliyemsikiliza isipokuwa mimi, nami nilileta maji.

Nyumbakumi akafika. Akauliza amekula nini huyu. Watu kumi wakajibu pamoja: amekula chakula cha Muganga.

Lazima muelewe kilichokuwa mezani. Kwetu nyumba ikishaitwa nyumba ya sumu, hakuna anayekuomba hata maji ya kunawa. Jina hilo halifutiki kwa sabuni wala kwa kiapo. Na katika mwaka ule, kwa mwanamke aliyekuwa ameshawaudhi watu wa kofia na rungu, jina kama hilo lilitosha kumfukuzisha mtaani, au kumfanyia baya kuliko kufukuzwa. Na alikuwako mtu mmoja aliyeweza kulizima palepale. Alikuwa amesimama na kikombe cha maji mkononi na mabakuli mawili ya chakula hicho hicho tumboni, mzima kama ng'ombe dume. Ningesema maneno manne tu: Hamisi hakula, nilikula mimi.

Sikusema. Hamisi alikuwa amenisihi, kweli. Ningefungiwa nje, kweli. Na siku zile aliyemtetea mshukiwa alihesabiwa pamoja naye, hilo nalo kweli. Hizo ni sababu, na nimezibeba miaka yote hii, na hazijawahi kunisafisha.

Muuguzi alihakikisha Hamisi anapumua vizuri, akamkabidhi kwa watu wa kumpeleka kwa shangazi yake. Kisha akaingia ndani, akatoka ameibeba sufuria peke yake, akaitua katikati ya njia, kwenye vumbi, mbele ya maseremala na nyumbakumi na viatu vyeupe. Akala. Hakula mwiko mmoja. Alikula mwiko baada ya mwiko, amesimama, mpaka ikawa aibu kumtazama. Hakuna aliyecheka. Alipochoka akatunyooshea mwiko.

"Nani mwingine?"

Macho yake yalipita kwa watu wote yakafika kwangu, yakakaa. Nikatazama viatu vyangu.

Hamisi alipona siku ya pili, lakini shangazi yake alimkataza kukanyaga tena kwa Muuguzi, na yeye kwa aibu akakubali kukatazwa. "Nitamwambia mwenyewe," aliniahidi. "Ngoja moyo utulie." Tukangoja. Mvua zikaja tukingoja. Timu ilivunjika bila mtu kutangaza. Mimi nami niliacha kwenda, si kwa kuogopa chakula chake, bali kwa sababu sikuweza kumtazama. Lakini mtaa haukujua tofauti, na kila Jumamosi niliyokaa kwenye cherehani yangu nilikuwa nashuhudia dhidi yake.

Nyumbakumi alimwambia aache kupika, abaki na mashine tu, watu wangerudi. Akakataa. Yule mzee seremala, kwa nia njema, alimshauri walau apike kidogo. Nilikuwa napita na nguo za mteja begani, nikamsikia akimjibu, kwa sauti ya kulifikia lile sikio zima:

"Nikipunguza sufuria, nimekubali. Mimi sikubali."

Basi kila Jumamosi aliipika ileile, ya watu watano na wageni wao. Alinawa, akala mwiko wake mlangoni mbele ya njia tupu, akasema, "Haya. Nikianguka, msikule." Kisha akasubiri. Wachukuzi wa mbao wasio wa mtaa wetu walikula mara mbili tatu, wakaja wakaambiwa, wakaacha. Kilichobaki alimpa nguruwe wa jirani. Nguruwe alinenepa mpaka akashindwa kupita kwenye mlango wa banda lake, na Muuguzi alihakikisha mtaa mzima umelisikia hilo. Mara ya mwisho kumwona kabla ya Aprili ya mwaka tisini na nne alikuwa amesimama hivyo mlangoni, mwiko mkononi. Nilivuka njia nikapita upande wa pili.

Miezi iliyofuata siisimulii hapa. Haiingii katika habari ya mtu mmoja na sufuria yake, na walioiona hawahitaji mimi niwaambie. Hamisi waliniulia. Nasema waliniulia, mimi, kwa sababu ndivyo ninavyolihisi. Hakuwahi kupata nafasi ya kumwambia Muuguzi lile neno, na sasa neno lilikuwa langu peke yangu.

Nilirudi Kimisagara mwishoni mwa mwaka ule. Nyumba nyingi hazikuwa na milango, nyingine hazikuwa na mabati. Nilishuka bondeni bila kutarajia kumkuta mtu. Nikasikia harufu ya maharage na dodo kabla sijafika kwenye kona, nikasimama.

Alikuwa hapo. Amekonda, nywele zote nyeupe, koti lake la zamani la kazi juu ya kitenge. Televisheni zilikuwa zimechukuliwa, mashine zimechukuliwa, mlango pia. Ukutani duara tatu za mkaa zilikuwa bado. Sufuria ilikuwa ileile. Mbele yake palikuwa na mstari wa watu nisiowajua, wengi wao waliorudi kutoka Bujumbura na Tanzania, watoto kwa wakubwa. Ng'ambo ya njia yule mzee seremala alikuwa anaranda mbao za milango mipya. Nikajipanga mwisho wa mstari.

Mama mmoja aliyelelewa Bujumbura, mtoto mgongoni, alisita alipofika mbele. "Samahani mama, nimesikia maneno juu ya nyumba hii," akasema.

"Umesikia sawa. Iko maneno," Muuguzi akamjibu. Akachota mwiko mzima, akatafuna akimtazama machoni, akameza. "Haya. Nikianguka, msikule."

Yule mama hakucheka. Alipokea bakuli akalishika bila kula, akisogea pembeni kungoja aone.

Zamu yangu ikafika. Muuguzi aliniona. Alichota mwiko ili anionjee, kama kwa mgeni yeyote, na hapo ndipo nilipovunjika. Nikanyoosha mkono nikachukua bakuli.

"Usionje, mama."

"Nani amenikataza mimi kuonja?"

"Siku ile Hamisi hakula," nikasema. "Alinipa mimi. Nilikula mabakuli mawili, na sikuumwa hata kichwa."

Sijui nilitarajia nini. Labda kilio, labda kofi.

"Sema kwa nguvu," akasema. "Yule mzee hasikii vizuri."

Nikageukia njia, upande wa lile sikio zima. Nikapaza sauti mbele ya wageni ambao hawakujua Hamisi ni nani wala mashine ni nini. Nikasema kwamba chakula cha mwanamke huyu hakikuwa na sumu, kwamba nilijua tangu saa ileile, kwamba nilinyamaza, kwamba mimi nilikuwa mwoga, na yeye hakuwa mtia sumu. Randa ya seremala ilisimama. Mzee aliiweka chini, akajipangusa vumbi la mbao, akavuka njia polepole, akachukua bakuli. Yule mama wa Bujumbura akaanza kula.

"Ulijua?" nikamuuliza Muuguzi.

"Bakuli mbili kwenye beseni, zote imelambwa. Hamisi amelamba bakuli siku gani?"

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema mimi, nani angesikia?" Akaninyang'anya bakuli. "Na hiyo mikono iko wapi? Unashika chakula yangu na mikono ya njia?"

Nikaenda nikanawa. Machozi yalikuwa yananitoka, na sikujali nani ananiona. Aliponijazia nilikula nimeketi chini, kama tulivyoamriwa, duara zote tatu, na nikalamba bakuli mpaka likang'aa, ili aone. Akaliona. Akalichukua, akalijaza tena mpaka juu, akanirudishia.

"Hii ya Hamisi," akasema. "Kula."

Nililila taratibu. Chini nikabakiza kijiko kimoja.